Bi Taratibu na Damu ya Shangazi

Jina la Bi Taratibu alibandikwa na wahudumu wa wodi, na si kwa kumsifu. Alikuwa mwanamke mnene wa miguu mizito, anatembea kana kwamba sakafu ni ya kuazima na jioni itarudishwa kwa mwenyewe. Ukimuuliza jambo alinyamaza kwanza, akalitafuna, akalimeza, ndipo akajibu, na mara nyingi jibu lenyewe likawa swali. Mumewe, fundi wa redio aliyestaafu, aliwaambia majirani, "Mimi nimeoa mpelelezi. Namuuliza leo tupike nini, ananiuliza, wewe ungependa nini, na ukishakula utajisikiaje?" Majirani walicheka, na Bi Taratibu alicheka nao, maana ukweli haukasirikiwi.

Zamani alikuwa muuguzi wa wazazi. Magoti yalipogoma, hospitali ilimpeleka kozi, akarudi na kazi ambayo nusu ya wenzake hawakuielewa. Walimpa chumba mwisho wa ukumbi, kati ya stoo ya mashuka na pampu ya maji. Pampu ilipowaka, ilibidi watu wanyamaze mpaka itulie, na Bi Taratibu hakuwahi kulalamika, kwa kuwa kimya kile kilimfanyia kazi. Chumbani mlikuwa na meza, viti vitatu visivyofanana, na dirisha linalotazama kamba za kuanikia.

Kazi yake ilikuwa kukaa na watu ambao saratani imepiga hodi kwao zaidi ya mara moja. Siku hizi damu inaweza kupimwa ikaonekana kama mtu amerithi hitilafu inayoufanya mwili wake kuwa mwepesi kuugua. Wengine wanataka kujua, wengine hawataki, na wengi wanataka asubuhi na hawataki jioni. Yeye hakuwa mpimaji, wala hakuwaambia wapimwe. Aliwasaidia kuamua, basi.

"Kazi ya ajabu hiyo," mfamasia alimtania. "Mnasihi asiyetoa nasaha!"

"Na wewe je?" alijibu. "Unauza dawa, umeshazimeza zote?"

Alipokabidhiwa chumba kile alikuta ukutani bango lenye ile methali ya mficha maradhi. Alilibandua siku ileile. Alisema mtu aliyejikokota mpaka kwenye kiti kile hahitaji kuzomewa na ukuta.

Wala hakuanza na karatasi. Watu wakiona kalamu hujikaza kama wako mbele ya hakimu, wakapunguza ukoo wao kwa nusu. Alikuwa na kopo la vifungo vya nguo. Vifungo vikubwa vilikuwa wanawake, vidogo wanaume, vyekundu waliougua, na aliyefariki aligeuzwa kifudifudi. Mwenye ukoo ndiye aliyepanga mezani kwa mkono wake. Kwenye karatasi watu husahau, lakini kwenye vifungo hushindana kukumbuka, na utasikia mtu anasema, "Ngoja, ngoja, kuna mjomba aliyehama, huyo tumemruka."

Ndivyo alivyoingia siku moja mwanamke mwenye rangi ya kijani kwenye kucha. Alikuwa muuza rangi katika duka la vifaa vya ujenzi, ndiye anayechanganya makopo mpaka mteja aridhike. Alikuwa na mabinti wawili wa shule ya msingi. Dada yake mkubwa, aliyefuatana naye ziwa, alikuwa amekufa kwa saratani ya titi kabla hajaota mvi hata moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Hicho chenye mto ndicho kisichoyumba."

"Nimekuja kupimwa ile damu ya kurithi. Nataka nijue kama na mimi nimo, nijipange."

"Tutafika huko. Nipangie kwenu kwanza."

Muuza rangi alipanga haraka, mtu aliyezoea kupanga makopo. Akamweka mama yake, mzima, mpiga pasi wa hoteli ambaye sasa amepumzika. Akamweka bibi mzaa mama, chekundu na kifudifudi, aliyeugua titi akiwa ajuza wa kushikwa mkono. Akaweka mama wadogo na wajomba. Dada yake alimweka mwisho, akachelewa kukiachia kifungo. Halafu akaegemea kiti kama aliyemaliza.

Bi Taratibu alipitisha kiganja juu ya upande wa pili wa meza, uliokuwa mtupu.

"Na huku?"

"Kwa baba? Huko hakuna mambo ya matiti, mama. Huko wanaume watupu na shangazi mmoja. Hili jambo limetoka kwa mama, kila mtu nyumbani anajua."

"Nani aliyewajulisha?"

"Shangazi. Siku ya mazishi ya dada alisimama mbele ya watu akasema, 'Kaka yangu hakuoa mke, alioa ugonjwa.' Mama alikuwa amekaa palepale chini, akajifunika uso. Mpaka leo kikitokea kikohozi tu, macho yote kwa mama."

Pampu iliwaka. Wakangoja. Ilipozima, Bi Taratibu alisema kwa sauti ileile ya kuulizia viti, "Mtoto huchota kwa wazazi wote wawili. Hitilafu hii haichagui mwanamke wala mwanamume. Baba anaweza kuibeba kama mchukuzi anavyobeba sanduku la watu, asilifungue, akalikabidhi kwa mwanawe. Nipangie na huku."

Sasa mkono ulikwenda polepole. Baba alikufa kwa ajali ya barabarani akingali kijana, hakupata muda wa kuugua. Bibi mzaa baba alivimba tumbo akafa, wakasema ni maji. Baba mkubwa alikuwa na jipu kifuani, upande wa chuchu, lisilopona mpaka akafa, na alikuwa havui shati hata kwenye joto.

"Jipu?" aliuliza Bi Taratibu.

"Ndivyo walivyosema." Muuza rangi alikuwa amekishika kifungo hewani. "Kumbe na wanaume…?"

"Na wanaume. Kwa nadra, lakini na wanaume. Nani mwingine?"

"Shangazi tu. Yeye ana vidonda vya tumbo, anahudhuria kliniki hapahapa. Labda unamjua, wanamwita Mama Bweni. Alikuwa msimamizi wa bweni la wasichana, mpaka leo akiingia sebuleni tunakaa wima."

Uso wa Bi Taratibu haukusogea, maana ulishazoea kazi. Alimjua Mama Bweni, tena vizuri. Alikuwa amekaa pembeni ya kitanda chake ghorofani, baada ya upasuaji wa saratani ya mfuko wa mayai, na Mama Bweni alikuwa amemwambia, kidole juu, "Nyumbani wanajua ni vidonda vya tumbo. Ibaki hivyo." Ikabaki hivyo. Hata sasa, kifungo kikubwa cheupe kikiwa mezani badala ya chekundu, hakukigusa.

Alimweleza muuza rangi jambo ambalo wengi hawalijui, kwamba kipimo hiki hakianzii kwa mzima, kinaanzia kwa aliyeugua. Damu ya mgonjwa ndiyo inayoonyesha hitilafu ya ukoo ilipo. Ikishajulikana ilipo, wazima wanatafutiwa palepale, na ndipo jibu la "huna" linapokuwa jibu kweli. Ukianzia kwa mzima usione kitu, hujui kama hakuna, au kipo na hukukipata.

Muuza rangi alifikiri. "Ni kama mteja aje aniambie nataka rangi ileile ya ukuta wangu, na hakuja na kipande cha ukuta."

"Umesema vizuri kuliko mimi."

"Na kipande chetu tumekizika."

"Waulize wazee wa pande zote mbili. Waulize wameugua nini, si wanasemaje. Mwenye kujibu atajibu." Hapo aliishia. Wala hakusema "muulize hasa fulani", ingawa neno lilikuwa limefika kwenye meno.

Kabla hajamruhusu kuondoka alimuuliza swali alilowauliza wote. "Ukiambiwa unayo, kesho yake asubuhi unafanya nini?"

"Nakuja kwa daktari aniangalie kila wakati unaotakiwa. Ikibidi kukatwa, nikatwe. Nina watoto."

"Na ukiambiwa huna?"

Muuza rangi alikusanya vifungo, akavirudisha koponi. Alikwenda na swali hilo nyumbani.

Haikupita wiki, mlango ulifunguliwa bila hodi. Mama Bweni alikuwa amekonda ndani ya gauni lililopigwa pasi, mkoba kwapani, na sauti yake bado iliweza kuzima taa za bweni zima.

"Wewe! Umemwambia nini mtoto wa kaka yangu?"

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, na usinilainishe kwa shikamoo. Umemwambia nini?"

"Sikumwambia kitu chako."

"Mbona kaniletea swali limenyooka kama rula? 'Shangazi, kwenu watu wameugua nini, si wanasemaje.' Mtoto yule hajawahi kuuliza hivyo tangu azaliwe. Swali hilo ni la kwako."

"Swali ni langu. Jibu ni lako."

Mama Bweni alivuta kiti, kile kinachoyumba, akakikalia kwa hasira, nacho kikamyumbisha. Hakuna aliyecheka.

"Niambie basi, wewe unayejifanya kisima. Nikitoa damu ikaonekana kwangu, maana yake nini?"

"Huenda uliipata kwa mama yenu. Huenda na kaka zako waliipata. Ikapita kwa mmoja wao mpaka kwa marehemu."

"Na wifi yangu?"

"Itakuwa haikutoka kwake."

Nje, upepo ulikuwa unapiga mashuka kwenye kamba. Mama Bweni aliyatazama kama aliyewekwa kuyalinda.

"Unajua nilimwambia nini yule mwanamke?"

"Nimesikia."

"Umesikia la mazishini. La jikoni hujalisikia, wala la sikukuu, wala la kumnyima mtoto mchanga asimpakate." Alimgeukia Bi Taratibu. "Ungekuwa wewe, ungefanyaje?"

Swali hilo Bi Taratibu aliulizwa kila siku, na kila siku lilikuwa zito. "Mimi si wewe, dada. Nikitoka hapa naenda kulala. Wewe ndiye utakayeishi na jibu."

"Na nikikataa?"

"Matibabu yako yanaendelea. Hakuna atakayekununia hapa."

"Na mtoto?"

"Atapimwa akitaka. Lakini tusipoona kitu, hatutaweza kumwambia alale usingizi."

"Na nikifa?"

"Ukifa, kwenu hatujui mwingine aliye hai wa kuanzia."

Alilisema kama mtu anayesoma saa. Kumficha mtu ukweli ni kumwamulia, na kumtisha kwa ukweli huohuo ni kumwamulia vilevile. Ile sauti ya katikati ndiyo kazi yenyewe, na hakuna kozi inayoifundisha vizuri. Mama Bweni alisimama, akanyoosha gauni, akasema, "Maneno yako hayana chumvi," akatoka.

Zikapita wiki. Muuza rangi alipiga simu kusema wazee wa kwa mama wamejibu wote, wa kwa baba hawajajibu. Shangazi alikuwa amemwambia aache kuchimbua makaburi. "Nipimwe tu hivyohivyo, mama?" aliuliza. Bi Taratibu alimweleza tena faida na kasoro ya kupimwa hivyohivyo, akamwambia mlango uko wazi. Usiku ule hakula vizuri. Mumewe alimwangalia, akaahirisha utani wake.

Kisha Mama Bweni alirudishwa wodini, safari hii akiwa amebebwa. Maji yalikuwa yamejaa tumboni. Daktari wa saratani, kijana mwenye kazi nyingi na moyo mzuri, alimkamata Bi Taratibu kwenye ngazi.

"Bi Taratibu, huyu mama hana muda wa taratibu zako. Damu yake iko maabara karibu kila siku. Tuchukue kidogo tupeleke, nani atajua?"

"Damu mnayo. Ruhusa hamna."

"Basi kamshawishi! Neno moja tu. Mwambie kuna watoto wawili wa shule wanamtegemea."

"Anawajua. Ndiye aliyewapa majina."

Daktari alitikisa kichwa, akapanda ngazi mbilimbili. Alikuwa na haki yake, na Bi Taratibu alijua. Alibaki ameshika chuma cha ngazi mpaka magoti yalipokubali.

Alipita wodini kama alivyopita kwa wagonjwa wote. Akamsalimia Mama Bweni, akamwinua mto, akamgeuzia kikombe upande wa mkono wenye nguvu. Akamsimulia kwamba kamba moja ya kuanikia imekatika na mashuka yameanguka kwenye tope. Kesho yake alifanya hivyohivyo. Siku iliyofuata Mama Bweni alimshika gauni.

"Mbona huniulizi?"

"Ulishaulizwa."

"Una roho ngumu wewe."

"Nimeambiwa."

"Nilikuwa nakungoja uniombe, nikukatalie." Alipumua kwa taabu. "Hukuniomba. Sasa nitamkatalia nani? Mwite huyo wa sindano. Lakini nina sharti. Jibu likija, wifi yangu awepo, na asiseme mtu mwingine yeyote. Nitasema mimi."

"Unaweza kubadili mawazo wakati wowote."

"Mimi? Waulize wasichana wangu wa bweni kama niliwahi kubadili mawazo."

Jibu lilipofika, walikusanyika chumbani kwa Bi Taratibu, kwa kuwa Mama Bweni hakutaka wodi nzima isikie. Aliletwa kwa kiti cha magurudumu, na ili mlango ufunge ilibidi kiti kimoja kitolewe ukumbini. Muuza rangi alisimama karibu na dirisha. Mama yake, mwanamke mdogo mwenye mikono iliyoshupaa kwa pasi, alikaa ukingoni mwa kiti kama mgeni asiyejua amealikwa kwa heri au kwa shari.

Bi Taratibu alisema jambo moja tu, kwamba hitilafu imeonekana katika damu ya Mama Bweni. Kisha akaweka mikono mapajani.

"Wifi," alisema Mama Bweni. "Sina vidonda vya tumbo. Nina saratani, na ni ya kurithi, na imetoka kwetu. Mama yetu hakufa kwa maji. Kaka mkubwa hakuwa na jipu. Ule mzigo niliokutwika mbele ya watu ulikuwa wa kwetu. Nauchukua."

Hakulia, na hakuomba radhi kwa neno lenyewe, maana hakuwa amelizoea.

Mama wa muuza rangi aliinua uso.

"Wifi, mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Mashati ya shemeji nani alikuwa anafua? Jipu gani linatoa damu miaka na miaka? Sikujua jina lake, lakini nilijua halikuingia na mimi."

"Ukanyamaza!"

"Ningesema, ungeniambiaje?"

Mama Bweni alifikiri kwa haki. "Ningekuambia umezusha."

"Halafu?"

"Ningekufukuza na watoto wako."

"Basi ndiyo maana nikapiga pasi, nikanyamaza." Aliinuka, akamvuta wifi yake mabegani akamkalisha wima. "Umechelewa, lakini umefika. Kaa vizuri, utaanguka."

Muuza rangi alikuwa amewapa mgongo. Alipogeuka, Bi Taratibu alimwambia kwamba sasa akipimwa, jibu lake litakuwa wazi, ndiyo au hapana, na kwamba si lazima iwe leo. Muuza rangi alimtazama shangazi yake, mifupa ya mikono, tumbo lililojaa chini ya shuka.

"Si leo," alisema. "Nataka nimuuguze shangazi kwanza. Nikishajua, nitakuwa namwosha yeye huku najiangalia mimi."

"Ala!" Mama Bweni alifoka kwa sauti iliyobaki. "Nimejianika mbele ya wifi yangu ili wewe uniambie si leo?"

"Shangazi, ulikaa na lako muda wote ule. Niachie na mimi langu kidogo."

Mama Bweni alimnyooshea Bi Taratibu kidole. "Mtoto huyu kajifunza kwa huyu kisima," akasema, akaomba arudishwe kitandani.

Walimuuguza kwa zamu, mama na binti. Mama ndiye aliyemwosha mara nyingi zaidi, na wodi nzima ilizoea kuwasikia wawili wale wakibishana namna ya kukunja shuka. Mama Bweni akafa mchana, binti yupo kazini, wifi yake amemshika mkono. Mazishini hakuna aliyehutubia kuhusu ugonjwa wa mtu.

Muuza rangi alirudi baada ya hapo, ameambatana na mama yake. Akatoa damu. Siku ya jibu walikaa bega kwa bega, na Bi Taratibu hakuzungusha maneno, maana taratibu yake haikuwa ya wakati huo.

"Unayo, mwanangu."

Muuza rangi alitikisa kichwa mara nyingi, kidogokidogo. Aliuliza uchunguzi wa matiti unaanza lini, na wa tumbo, na watoto wake wapimwe wakifika umri gani. Alijibiwa moja baada ya jingine. Mabinti waachwe wacheze. Watakapokuwa watu wazima wataamua wenyewe. Mengine yana daktari wake, na miadi ilipatikana palepale. Sauti yake haikutetemeka mpaka alipomgeukia mama yake, akamkuta ameuma midomo, machozi yanashuka na mabega yanatikisika.

"Mama, usilie."

"Silii hilo tu," mama yake alisema, akijifuta kwa ukingo wa mtandio. "Nimemkumbuka wifi. Angekuwa hai leo, pamoja na jibu lote lile alilolisikia kwa masikio yake, angesema nimekuambukiza mimi kwa pasi."

Muuza rangi alimkodolea macho. Kisha kicheko kikamtoka, kikamtoka na mama yake, kikawashinda wote wawili, wakashikana wasianguke, mmoja analia humohumo ndani ya kucheka. Bi Taratibu alijizuia, akashindwa, meza ikatikisika naye. Mtunza stoo ya mashuka aliwasikia, akasukuma mlango, akaingiza kichwa, na uso wake ukakunjuka kwa furaha.

"Hongereni jamani," alisema. "Habari ni njema, eeh?"